Habari za Maisha ya Marehemu Habib Swaleh wa Lamu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Wazee wa chama chetu wamenitaka niandike katika kijitabu hiki habari za mmoja katika wanavyuoni wa pwani ambao baraka ya kazi yao imefika mpaka kwetu bara. Nilifikiri siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Wapo wanavyuoni waliotunga vitabu vingi kuliko huyu niliyemchagua, wapo waliokuwa makadhi wakubwa, na wapo waliokaa barazani pamoja na masultani wakasikilizwa. Marehemu Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil sifa yake haikutokana na lolote katika hayo. Kazi yake ilikuwa kusomesha, na hasa kusomesha watu ambao mjini mwake wengi hawakuona kuwa ni lazima wasomeshwe. Nami nimemchagua kwa sababu hiyo, kwani habari yake yatuhusu sana sisi wa huku.

Ndugu msomaji, tukumbuke dini yetu ilifikaje katika nchi hizi za maziwa. Ilikuja na misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, na ndani ya misafara ile, nyuma ya matajiri wenye pembe na vitambaa, walikuwamo wapagazi, askari, watumishi na watumwa. Wengi katika babu zetu waliotangulia kusilimu walikuwa watu wa namna hiyo. Ni wachache kwetu wawezao kuhesabu nasaba zao vizazi saba. Basi mtu aliyefungua mlango wa elimu kwa wasio na nasaba, hata kama hakupata kukanyaga ardhi yetu, ni mzee wetu pia.

Tuje kwenye nasaba yake yeye mwenyewe, maana yake ilikuwa kubwa. Jamalilleil ni katika kabila za masharifu wa Ba Alawi wa Hadhramaut, na wote hao asili yao hurudi kwa Imam Ahmad bin Isa, aitwaye Al-Muhajir, aliyehama Basra katika karne ya 10 akahamia Hadhramaut. Katika kizazi cha Jamalilleil walitoka watu waliovuka bahari wakakaa Pate, kisiwa kilicho jirani na Lamu, na kutoka huko wengine wakaendelea mpaka visiwa vya Ngazija. Huko Ngazija ndiko alikozaliwa Habib Swaleh, katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo alipokuja Lamu akiwa kijana, alirudi karibu na mahali walipopita wazee wake, lakini watu wa Lamu walimwona mgeni, Mngazija miongoni mwa Wangazija wengi waliokuwa wakiingia mjini siku zile.

Alifikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa sharifu mwenye sifa ya tiba. Alianza kwa kumhudumia na kujifunza kwake, na elimu ya dawa aliyoipata hapo alikuwa nayo umri wake wote. Kisha akahudhuria darasa za wanavyuoni wa mji. Mkubwa wao alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman Al-Husseini, aliyejulikana kwa jina la Mwenye Mansab, mwanachuoni na mshairi ambaye mashairi yake ya dini yanasomwa mpaka leo. Kijana Swaleh alisoma kwa subira: fiqhi ya Kishafi, nahau, tafsiri na tasawwufi kwa njia ya masharifu wa Alawiyya.

Hapa sina budi kusimama kidogo niueleze mji wenyewe, kwani asiyeijua Lamu ya siku zile hatafahamu kwa nini kazi ya mtu huyu ilileta maneno. Mji ulikuwa na sehemu mbili. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko zilikokuwa nyumba kubwa za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye madaka na milango ya nakshi, na ndiko walikokaa waungwana wa asili. Langoni, upande wa kusini, ndiko walikokaa wageni: Wahadhrami wa maduka madogo, Wangazija, watu wa Pate na Siu, na pembezoni mwao, katika vibanda vya udongo na makuti, watumwa na waliokuwa watumwa. Mashamba ya bara ng'ambo ya mlango wa bahari yalilimwa kwa mikono ya watumwa hao. Elimu ilikuwapo mjini, na ilikuwa nyingi. Lakini ilikaa ndani ya nyumba fulani, ikapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kwa wengi ilikuwa kama mali ya urithi. Mtumwa alifundishwa sala kiasi cha kumtosha, na pengine hata kiasi hicho hakufundishwa. Sisemi haya kuwalaumu watu wa Lamu peke yao. Miji mingi ya pwani ilikuwa hivyo, na penye ukweli tuuseme.

Habib Swaleh alipokuwa mtu mzima, mwenye elimu na nasaba ambayo hakuna aliyeweza kuitilia shaka, njia ya Mkomani ilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kukaa katika nyumba ya mawe, akawasomesha wana wa watu wakubwa, akapewa heshima ya sharifu kila anapopita. Yeye akaenda upande wa pili. Alikaa nje ya mji uliojengwa, upande wa Langoni, jirani na wale wa vibanda, akaanza kuwasomesha. Walikuja wagema na wakulima, mahamali na mabaharia, na watoto wao. Akawafundisha herufi, kisha Kurani, kisha yale yampasayo mtu katika tohara na sala na funga, na aliyeonekana ana akili ya kuendelea akaendelezwa katika vitabu, kama alivyoendelezwa mwana wa muungwana. Darasa yake aliifasiri kwa Kiswahili, ili aliyechelewa kuanza asibaki amekaa kama kipofu sokoni.

Fikirini jambo hili lilikuwa na uzito gani. Kufundisha mtumwa kusali ni jambo moja. Kumfundisha mpaka aweze kusimama akamsahihisha bwana wake katika usomaji wake ni jambo jingine. Hilo ndilo lililowaudhi baadhi ya watu, ijapokuwa hawakulisema hivyo. Walisema kuwa sharifu anaishusha heshima ya masharifu kwa kuchanganyika na watu duni, na wengine wakasema kuwa elimu haifai kumwagwa njiani. Yeye hakushindana nao. Aliendelea na darasa yake.

Mwaka 1897 Sultani wa Unguja, chini ya nguvu ya Waingereza, alitoa amri ya kufuta utumwa katika Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya, ambako Lamu imo, sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Mashamba ya waungwana yakakosa watu, na utajiri wa Lamu ukapungua sana. Watu waliotoka utumwani wakawa huru kwa karatasi ya serikali, lakini karatasi ile haikuwapa ukoo, wala jina, wala mahali pa kukaa msikitini. Walipotazama kulia na kushoto walimwona Habib Swaleh, naye alikuwa yu nao tangu kabla ya sheria. Nafikiri hilo ndilo lililoifanya mapenzi yao kwake yawe makubwa namna ile.

Kadhalika alikuwa tabibu. Mgonjwa alipomwendea alimtibu kwa dawa za miti alizojifunza kwa ami yake na kwa kumsomea Kurani. Watu hupenda kusimulia karama zake, na simulizi hizo ni nyingi. Mimi sikukusudia kuziandika hapa. Anayezitaka atazisikia Lamu kwa wazee, na kwa kweli watazisimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye Riyadha. Katika siku hizo, huko Hadhramaut katika mji wa Seiyun, alikuwako mwanachuoni mkubwa wa Ba Alawi, Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Yeye alijenga huko msikiti ulioitwa Riyadh, na ribati ya kukaa wanafunzi wageni, wakapata chakula na mahali pa kulala, wakaisoma dini bila ya kuwa watoto wa matajiri. Habib Swaleh aliandikiana naye barua, akamchukua kuwa shekhe wake kutoka mbali. Barua zilikwenda na kurudi kwa majahazi ya msimu, na mwenye kujua bahari ile anajua kuwa mtu aliweza kungoja jawabu nusu mwaka, hata zaidi.

Kwa mfano wa Seiyun, Habib Swaleh akajenga wake. Baina ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne ya 20, katika kiwanja kilichowekwa wakfu huko nyuma ya Langoni, palisimama msikiti na mahali pa kusomea, pakaitwa Riyadha kwa jina la ule wa Seiyun. Wakati ule palikuwa mchangani, nje ya mji. Baadaye mji ukasogea mpaka ukauzunguka msikiti, na mitaa ikajaa nyumba za wanafunzi, jamaa na wafuasi. Aliyewahi kudharauliwa kwa kukaa pembezoni, pembezoni pake pakawa ndipo watu wanapokwenda.

Jambo la pili alilolichukua kutoka kwa Habib Ali ni maulidi. Habib Ali alitunga maulidi yake iitwayo Simtud-Durar, ambayo sisi twaijua kwa jina la Maulidi ya Habshi. Kabla ya hapo maulidi iliyokuwa ikisomwa sana pwani ni Barzanji, na iliposomwa katika nyumba kubwa ilisomwa kwa utulivu, na mtu wa kawaida alikaa nje akisikiliza Kiarabu asichokifahamu. Habib Swaleh aliisoma ya Habshi Riyadha pamoja na kasida na matari, watu wakikaa safu zinazotazamana na kuyumba kwa pamoja, na kila mtu alikuwa na la kuitikia. Mgema na mchukuzi ambao jana walikuwa wakicheza ngoma zao shambani walipata mahali ambapo sauti zao zilimsifu Mtume, rehema na amani zimshukie.

Hapo maneno yakazidi. Baadhi ya masharifu wenyewe na baadhi ya waungwana walikataa kabisa matari kupigwa msikitini, nao walikuwa na hoja zao katika vitabu. Sitaki kumficha msomaji kuwa khitilafu hiyo haijaisha. Baadaye walitokea wanavyuoni wengine wa pwani walioyapinga mambo mengi ya maulidi kwa jumla, na hata katika chama chetu hiki wamo wanaopenda tari na wamo wasiotaka kulisikia. Mimi ni katika wanaolipenda, nami najua kuwa ndugu yangu asiyelipenda ana dalili yake. Lakini nawaomba wote tutazame Habib Swaleh alilitumia kwa nini. Alikuwa na vijana ambao mikono yao ilikuwa imezoea ngoma, na ambao hakuna aliyewaita msikitini. Aliwaita kwa kile walichokuwa nacho mikononi, na walipokwisha ingia akawakalisha chini wasome. Wengi waliolaumu tari hawakuwa wameleta kijana hata mmoja.

Maulidi ile ya Riyadha ikawa kubwa mwaka hata mwaka. Mpaka leo husomwa katika Mfungo Sita, na siku zake kubwa ni mwisho wa mwezi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Huja watu kutoka Mombasa na Malindi, Unguja na Tanga, Ngazija na Somalia, na wa kutoka huku kwetu bara pia.

Mimi nilijaaliwa kwenda mara moja. Tulipanda basi Mombasa, tukafika gati ya Mokowe tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, kisha mashua ikatuvusha kisiwani. Usiku ule nilikaa katika safu baina ya mzee mmoja aliyekuwa kadhi kwao na kijana mmoja aliyeniambia kuwa kazi yake ni kubeba mawe ya kujengea, akiwaongoza punda katika vichochoro. Kijana alikuwa ameihifadhi maulidi yote kwa moyo. Kadhi alikuwa akifuata kitabuni, na mara mbili alipopoteza mstari kijana alimwonyesha kwa kidole, na kadhi akamshukuru kwa kutikisa kichwa. Nilikumbuka utoto wangu. Nilipokuwa na miaka tisa nilirudishwa nyumbani kutoka chuo kimoja kwa sababu mama yangu hakuweza kulipa ada ya Alhamisi, na nguo yangu ilikuwa imepasuka begani. Nilikaa miezi mingi nikiuza karanga stendi, mpaka mwalimu mwingine, fakiri kama sisi, aliponishika mkono akanipeleka kwake akanisomesha bure. Mwalimu yule hakuwa Mlamu, wala sijui kama alipata kuiona bahari. Lakini kila nisomapo habari za Habib Swaleh namwona yeye.

Turudi. Katika nyumba yake mwenyewe, Habib Swaleh hakutenga ulezi wa wanawe na ulezi wa wanafunzi. Wanawe walikua katika darasa ile ile, pamoja na wana wa watu wa vibanda, na kwa hiyo walipokuwa wakubwa hawakuona ajabu kuwasomesha watu wa kila namna. Mashuhuri kati yao ni Sayyid Ahmad Badawi na Sayyid Idarus, ambao walibeba kazi ya Riyadha, na baada yao wajukuu. Watu wengi wenye elimu huacha vitabu visivyo na msomaji na msikiti usio na imamu, kwa kuwa walipokuwa wakiwasomesha wa nje, wa ndani waliachwa wajilee. Mzee wetu huyu hakupatwa na hilo.

Na wanafunzi je? Riyadha ilipokea vijana kutoka kila upande wa pwani, wakalala humo, wakala humo, na kila mmoja alipomaliza alitarajiwa aende mahali asomeshe. Wengine walikwenda Mambrui na Malindi, wengine wakapanda mto Tana kwenda kwa Wapokomo, wengine wakavuka bahari. Hawakwenda na fedha, maana hawakuwa nazo. Walikwenda na Safina na Risalatul Jamia, vitabu vile vidogo vya fiqhi ambavyo kila mwanafunzi wa Kishafi amevipitia, na maulidi ya Habshi, na desturi ya kutomuuliza mtoto ni wa nani kabla ya kumfungulia msahafu. Maulidi yenyewe ilisambaa Afrika Mashariki nzima, hata ikafika mahali ambapo jina la Habib Swaleh halijulikani, na watu huisoma wakidhani ilikuwako siku zote.

Riyadha ilikusanya pia vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vya fiqhi, nahau, tafsiri, dua na mashairi, vingine vimenakiliwa na wanafunzi wenyewe, kwani siku hizo kitabu cha chapa kilikuwa ghali na kilitoka mbali. Katika miaka yetu hii vitabu hivyo vimepigwa picha ukurasa baada ya ukurasa ili visipotee kwa mchwa na unyevu wa bahari. Sina mengi ya kusema juu ya kazi hiyo, ila kwamba nimefurahi kuisikia.

Habib Swaleh aliishi umri mrefu, zaidi ya miaka 80, na karibu wote katika kazi moja na mahali pamoja. Aliiona Lamu ya masultani na majahazi, akaiona ikiingia chini ya Waingereza mwaka 1895, akaona utumwa ukifutwa na nyumba kubwa zikianza kupasuka kuta. Katika uzee wake wale waliokuwa watoto wa vibanda walikuwa wenyewe walimu wenye wajukuu, na wana wa baadhi ya waliompinga walikuwa wakija Riyadha kusoma. Alifariki dunia mwaka 1935, akazikwa Lamu. Mwenyezi Mungu amrehemu, ailaze roho yake mahali pema, na atujaalie nasi mwisho mwema.

Kila mwaka, maulidi inapokwisha, watu hutoka Riyadha kwa zefe kwenda kumzuru kaburini. Mwaka niliokwenda mimi tulitembea polepole mchangani, jua limeshakuwa kali, matari yakitangulia mbele. Yule kijana wa punda alikuwa mbele yangu. Alikuwa amemwacha punda wake amefungwa chini ya mnazi kando ya njia, na tulipompita alimgusa shingoni, kisha akaendelea kuitikia kasida pamoja nasi mpaka makaburini.